Mabawabu Watakatifu



Tarehe 15 Januari 1888, katika mji wa Roma, Papa Leo XIII alimtangaza kuwa mtakatifu mzee mmoja wa Kihispania ambaye, kwa kadiri dunia ipimavyo mambo, hakupata kutenda neno kubwa maishani mwake. Hakujenga kanisa, hakuasisi shirika, hakupanda mimbarini, hakupewa daraja ya upadre, wala hakuuawa na mtesaji kwa ajili ya dini. Alikuwa bawabu. Katika chuo cha Wajesuiti kiitwacho Montesión, mjini Palma, kisiwani Mallorca, alikaa karibu na mlango tangu ujana ulipokwisha kumpa kisogo hata uzee ulipomlaza kitandani. Akafungua alipogongewa, akapokea barua, akamwita padre aliyetakiwa na mgeni, akawapa maskini mkate, akaufunga mlango jua lilipokuchwa. Jina lake Alfonso Rodríguez, naye alifariki tarehe 31 Oktoba 1617, yaani miaka mia mbili na sabini kabla ya siku ile Roma ilipomwinua juu ya altare.

Nimetakiwa niseme mbele yenu juu ya heshima ya kazi duni na ibada ya kimya katika imani ya Kikatoliki. Maudhui haya ni mapana, na aghalabu wanenaji wayashikao huishia katika maneno matamu yasiyomgusa mtu: husifu jembe, husifu ufagio, husifu mikono yenye sugu, kisha hurudi nyumbani wakaandaliwa chakula na mtu ambaye jina la baba yake hawalijui. Ili niepukane na hatari hiyo nimechagua kazi moja tu, kazi ya kungoja mlango, pamoja na watu wachache walioifanya, kwa kuwa nadhani siri ya jambo zima huonekana hapo waziwazi kuliko mahali pengine po pote.

Kanisa la Magharibi lilimjua bawabu tangu zamani sana. Katika barua ya Papa Kornelio ya karne ya tatu, ambamo watumishi wa Kanisa la Roma walihesabiwa daraja kwa daraja, mabawabu wamo. Baadaye cheo chao kilifanywa kipandio cha kwanza katika ngazi ya kuelekea upadre: askofu alimkabidhi kijana funguo za kanisa, kijana akaugusa mlango na kuigonga kengele, na tangu hapo akahesabiwa miongoni mwa wenye daraja ndogo. Mpaka Papa Paulo VI alipoiondoa daraja hiyo mwaka 1972, hapakuwa na padre wa Kilatini, wala askofu, ambaye hakuwa kwanza bawabu kwa muda mfupi. Walakini ada hii ilikuwa imekwisha kuwa kivuli cha kale. Walioshika funguo kwa ibada hawakushika mlango, na walioshika mlango hawakupewa daraja yo yote; kwani kazi yenyewe, yenye baridi, kelele na udhia wa wageni, ilikuwa imewaangukia mabruda wasio na elimu, wazee, na wale ambao wakubwa wa nyumba hawakujua wawape shughuli gani nyingine.

Mtu mmoja alikuwa ameliona jambo hili kwa jicho lingine. Mtakatifu Benedikto, alipowaandikia kanuni watawa wake katika karne ya sita, alitenga sura nzima kwa ajili ya bawabu, akaagiza awekwe mzee mwenye busara, ajuaye kupokea neno na kulijibu, ambaye umri wake umemwondolea tamaa ya kuzurura. Na maskini atakapobisha, mzee huyo aanze kwa kumshukuru Mungu kabla hajauliza haja yake. Katika kanuni hiyo hiyo mtunza ghala anaamriwa avitazame vyombo vya nyumba, majembe na masufuria, kwa staha ile ile impasayo mtu mbele ya vyombo vya altare. Asiyeamini na aingie jikoni mwa nyumba yo yote ya watawa walioishika kanuni hiyo barabara; ataona jinsi kisu kinavyosafishwa na kurudishwa mahali pake.

Sasa tumrudie Alfonso. Alizaliwa Segovia yapata mwaka 1532, mwana wa mfanyabiashara wa nguo za sufu mwenye uwezo wake, na utotoni mwake alifundishwa komunyo ya kwanza na Petro Faber, mmojawapo wa masahaba wa mwanzo wa Mtakatifu Ignasi, mwasisi wa Wajesuiti; Faber huyo alipata kulala nyumbani kwao. Alipelekwa kusoma Alcalá, lakini baba yake akafa, naye akaitwa nyumbani kushika biashara angali kijana mdogo. Akaoa, akapata watoto. Mauti yakamchukulia mkewe, yakamchukulia watoto wake mmoja baada ya mwingine, na biashara nayo ikafifia mikononi mwake. Alipokaribia umri wa miaka arobaini akabisha hodi kwa Wajesuiti, nao wakamwona amechelewa kwa umri, dhaifu kwa afya, pungufu kwa elimu. Ndipo alipokwenda Valencia akaketi darasani pamoja na watoto ili ajifunze Kilatini, mtu mzima aliyepata kuzika familia nzima, na Kilatini hakikumwingia vilivyo. Husimuliwa kwamba mkubwa wa Wajesuiti wa jimbo lile, baada ya washauri wake kumkataa mtu huyu, alisema kwamba ikiwa hafai kuwa padre wala bruda, basi na aingie ili awe mtakatifu. Alipokelewa mwaka 1571, akapelekwa Mallorca, na mwaka 1579 akakabidhiwa mlango.

Yafaa tukumbuke nchi aliyotoka ilivyokuwa. Katika Hispania ya zama zile mtu wa nasaba alihesabu kuwa ametiwa doa akishika nyundo au sindano, na kazi za uhunzi, useremala, ushoni na utengenezaji wa ngozi zilidharauliwa kiasi kwamba, zaidi ya karne moja na nusu baada ya kifo cha bawabu wetu, ilimlazimu mfalme Carlos III atoe amri katika mwaka 1783 kutangaza kuwa kazi hizo ni za uaminifu na heshima, wala hazimharibii mtu jina wala ukoo wake. Tusiwacheke Wahispania. Katika pwani yetu wenyewe mwungwana alitambulikana kwa joho, jambia na mikono milaini, na jembe liliachiwa mtwana. Wala sina yakini kwamba maradhi hayo yametutoka, maana hata leo mzazi humtisha mwanawe mvivu kwa kumwambia kuwa ataishia kuwa mlinzi wa mlango wa watu.

Kazi ya Alfonso ilitawaliwa na kengele. Wasimulizi wa habari zake wanasema kwamba kila ilipolia alijiambia moyoni kuwa abishaye ni Bwana mwenyewe, na katika hatua chache za kutoka chumbani mpaka mlangoni alimjibu kwamba yuaja. Hekaya hii imerudiwa sana katika mahubiri, na kwa kurudiwa sana imepoteza makali yake, hata husikika kama desturi nzuri ya mzee mpole. Nawaombeni tuitazame tena kwa ukali kidogo. Mtawa wa kwaya ana saa zake: kengele humwita kwenye zaburi, na zikiisha humwacha. Mkaapweke ana jangwa lake. Mwalimu ana somo lenye mwanzo na mwisho. Bawabu hana saa hata moja iliyo yake. Akianza kumi moja la rozari, hajui kama atalimaliza. Akiketi kusoma kitabu cha watakatifu, mwanafunzi aliyesahau daftari atambishia, na baada yake mdai, na baada ya mdai mtu asiye na haja yo yote ila ametaka kuzungumza. Mlango hauchagui. Tena seremala ifikapo magharibi huiona meza aliyoifanya, na mkulima huliona tuta. Ama bawabu, mlango alioufungua mara mia moja jioni umefungwa vile vile kama ulivyokuwa alfajiri, wala hakuna cho chote mikononi mwake cha kumwonyesha mtu kwamba ameishi siku hiyo.

Hapa ndipo ninapoiona siri niliyoitaja. Sisi sote, tukitaka kusali, hutafuta kwanza faragha, na tukikatizwa huhisi kana kwamba tumeibiwa. Kisha huungama hasira zetu na kuendelea kutafuta faragha. Alfonso alikubali kukatizwa kuwe ndiko kusali kwenyewe. Hakuiacha sala akaenda mlangoni, wala hakuuvumilia mlango ili arudi kwenye sala. Aliifanya ile safari fupi ya ukumbini kuwa mahali pa kukutania na Mungu, na kwa kuwa safari hiyo ilirudiwa siku zote za miaka mingi, mtu wa namna hiyo asingeweza kubaki kama alivyokuwa. Ibada ya kimya, kama nionavyo mimi, haimaanishi ibada isiyo na sauti, maana ukumbi wa chuo una sauti tele. Ni ibada isiyodai itengewe nafasi.

Wala msidhani ilikuwa tamu. Wakubwa wake walimwamuru aandike habari za roho yake, naye akaandika kwa utii, na maandiko hayo yaliyosalia yanaonyesha vishawishi vikali, ukavu wa muda mrefu na hofu za dhamiri zilizomsumbua hata uzeeni. Gerard Manley Hopkins, Mjesuiti wa Kiingereza aliyemtungia shairi la kumtukuza katika mwaka uo huo wa 1888, alitambua kuwa vita vya mtu huyu vilipiganwa ndani, mahali ambapo hakuna apigiwaye makofi. Na Hopkins alikuwa na sababu ya kutambua, maana siku hizo alikuwa akikaa Dublin akisahihisha mamia ya karatasi za mitihani, kazi iliyomchosha karibu na kukata tamaa, ilhali mashairi yake hayakuwa na msomaji ila rafiki wachache.

Alfonso alipata warithi. Bruda Konrad wa Parzham, mwana wa mkulima wa Bavaria, aliyezaliwa mwaka 1818, aliuacha urithi wake wa mashamba akaingia kwa Wakapuchini, akaungoja mlango wa konventi ya Altötting kwa miaka arobaini na mmoja, akiwagawia mahujaji na mafundi wazururao mkate na bia, mpaka alipofariki mwaka 1894. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1934. Maisha yake ni manyofu kiasi kwamba mwandishi hukosa la kusimulia, nami sitajilazimisha.

Bruda André Bessette wa Montreal ni habari nyingine. Huyu alizaliwa mwaka 1845 katika jimbo la Québec, akawa yatima wa baba na mama kabla hajabaleghe, akafanya vibarua na kufika hata katika viwanda vya pamba vya Marekani, hajui kusoma ila kwa shida. Mwaka 1870 alipokelewa katika Shirika la Msalaba Mtakatifu na kuwekwa mlangoni mwa Chuo cha Notre-Dame. Alikuwa akifanya mzaha kwamba siku ile alipoingia shirikani walimwonyesha mlango, naye akabaki hapo miaka arobaini. Pamoja na mlango alifagia, alipeleka barua, aliwanyoa nywele wanafunzi, na senti alizopata kwa kunyoa akaziweka kwa ajili ya kumjengea Mtakatifu Yosefu kikanisa kidogo mlimani ng'ambo ya chuo, kilichosimama mwaka 1904. Wagonjwa walianza kumjia, na walipozidi, wazazi wa wanafunzi wakanung'unika, hata ikabidi mapokezi yao yahamishiwe kibandani penye kituo cha tramu. Wengi walisema wameponywa; yeye alikasirika kila aliposikia wanamtaja yeye badala ya Mtakatifu Yosefu. Alikasirika kweli kweli, kwa maana hakuwa mpole kama picha zake: wale waliomtaka miujiza kama mtu atakaye bidhaa dukani waliweza kujibiwa kwa mkato, na baadaye yeye mwenyewe akahuzunika kwa alivyowajibu. Alipofariki tarehe 6 Januari 1937 watu wapatao milioni moja walipita mbele ya jeneza lake, na mwaka 2010 Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu. Mahali pale sasa pana basilika kubwa yenye kuba lionekanalo toka mbali. Kuba ni zuri. Lakini mimi, kama ningeulizwa, ningependa zaidi kuuona ule mlango wa chuo.

Nirudi Mallorca, kwa maana bado sijalisema jambo zito lililonileta hapa.

Mwaka 1605 alifika Montesión mwanafunzi wa Kikatalani jina lake Pedro Claver, umri wake miaka ishirini na mitano, kijana mwenye shaka nyingi juu ya nafsi yake na wito wake. Bawabu alikuwa amekwisha kupita sabini. Wakubwa waliwaruhusu wazungumze, na mazungumzo hayo ya mlangoni, kati ya mzee asiyekuwa na elimu na msomi asiyejua aendako, ndiyo yaliyomwelekeza kijana ng'ambo ya bahari. Alfonso alimhimiza aende Amerika. Claver alisafiri mwaka 1610, akapewa upadre mwaka 1616 katika mji wa Cartagena, bandari ambamo majahazi yalishusha watu waliochukuliwa Guinea, Kongo na Angola. Na mpaka maradhi yalipomlaza, miaka michache kabla ya kufariki mwaka 1654, alikuwa akishuka mashimoni mwa vyombo hivyo, penye uvundo usioelezeka, akiwapelekea maji, matunda na dawa, akifunga vidonda, akifundisha, akibatiza. Maandishi ya kiroho aliyopewa na bawabu aliyatunza mpaka kufa. Siku ile ya Januari 1888 Roma iliwatangaza wote wawili pamoja, mwalimu wa mlangoni na mwanafunzi wake.

Alipoweka nadhiri zake za mwisho mwaka 1622, Claver alijiandika kwa mkono wake kuwa mtumwa wa Waafrika milele. Tamko hilo ni tukufu, nami siwezi kulisoma bila kutikisika. Walakini Claver hakujua lugha za watu wale. Alitumia wakalimani, na wakalimani wenyewe walikuwa watumwa hasa, Waafrika walionunuliwa, mali ya chuo cha Wajesuiti. Mmoja wao, Andrés Sacabuche wa Angola, aliitwa baada ya kifo cha padre ili atoe ushahidi wa utakatifu wake, na ushahidi huo ungaliko. Basi tazameni: watu wawili walishuka katika shimo moja la meli, wakachukua maji yale yale, wakapumua hewa ile ile, na bila ulimi wa yule wa pili neno la yule wa kwanza lisingefika sikioni mwa mtu. Mmoja aliitwa mtumwa kwa nadhiri aliyoiweka kwa hiari. Mwenziwe aliitwa mtumwa kwa hati ya ununuzi. Kwa huyo wa kwanza kazi duni ilikuwa taji. Kwa huyo wa pili ilikuwa dhuluma, hata kama aliifanya kwa moyo mwema, tena hata kama mwenye kumtuma alikuwa mtakatifu.

Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba udogo wa kazi wenyewe ndio utakaso. Kama ndivyo, wenye kumiliki watumwa wangalikuwa wafadhili wakubwa kuliko wote duniani. Kinachotukuzwa katika bawabu wa Mallorca ni kukubali, na hakuna awezaye kukubali kwa niaba ya mwingine.

Ushahidi wa neno hili mkubwa kuliko wote umetoka Afrika. Josephine Bakhita alizaliwa Darfur yapata mwaka 1869, akatekwa angali mtoto, akasahau kwa hofu hata jina alilopewa na wazazi wake, akauzwa mara kadhaa katika masoko ya El Obeid na Khartoum. Katika nyumba ya afisa mmoja wa jeshi la Kituruki alichanjwa mwilini michoro kwa wembe, na michubuko ikasuguliwa chumvi ili makovu yabaki. Makovu hayo yalihesabiwa baadaye kuwa 114. Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia, na mwaka 1885 akafika Italia, akapewa familia moja kuwa yaya wa mtoto wao. Yule mtoto na yaya waliwekwa kwa muda kwa Masista Wakanosa mjini Venezia. Hapo Bakhita akafundishwa dini. Mama wa mtoto aliporudi kumchukua ili ampeleke Suakin, kwenye hoteli yao, Bakhita alikataa. Alimpenda yule mtoto, na kukataa kulimwuma, lakini alikataa. Shauri likafika kwa wakuu wa serikali na kwa Kardinali Patriarki, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, basi yu huru, na yuko huru tangu alipokanyaga nchi ile.

Mtu huyu, ambaye twamsifu kwa unyenyekevu, aliuanza uhuru wake kwa kusema hapana mbele ya bibi yake, mbele ya mashahidi. Wahubiri wengi huliruka jambo hili upesi ili wafike kwenye kusamehe, nami huwaonea ajabu.

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaweka nadhiri mwaka 1896, na tangu mwaka 1902 akaishi katika konventi ya Schio, mji wa viwanda vya sufu. Akapika, akashona, akatarizi, akatunza sakristia, na mwisho akapewa mlango. Watu wa Schio walimzoea: yule sista mweusi mwenye sauti ya upole aliyewawekea watoto mikono vichwani walipoingia shuleni. Ukiandika orodha ya kazi alizozifanya Schio, kisha ukaandika orodha ya kazi alizozifanya kwa mabwana waliomnunua, hutaona tofauti kubwa: kupika, kushona, kulea, kufungua mlango. Mikono ni ile ile. Kati ya orodha moja na nyingine limesimama neno hapana, na baada ya neno hapana, ndiyo iliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Husemwa kwamba aliapa kuwa akikutana na waliomteka atawapigia magoti na kuwabusu mikono, kwani bila wao asingalimjua Kristo. Maneno hayo ni yake kuyasema, naye ameyanunua kwa ghali, bali mtu mwingine hana ruhusa ya kuyasema kwa ajili yake, wala kuyatumia kupunguza ubaya wa biashara ile. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Yako majuto hata upande wetu wa bahari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipohamia Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa wamekwisha kuanza kuwanunua watoto katika soko la Unguja ili wawakomboe, nao wakawafundisha sala, kusoma, ukulima na ufundi. Tendo la kuwakomboa lilikuwa rehema isiyo na shaka, na minazi na miembe ya misheni yashuhudia bidii ya mikono ile. Walakini wale waliokombolewa, waliokuwa wakilima mashamba ya misheni kengele kwa kengele, ni wachache walioulizwa wapenda nini. Sisemi haya kwa kuwashtaki marehemu, ambao wengi wao homa iliwaua vijana. Nasema kwa sababu desturi ya kumhubiria mtu unyenyekevu kabla hujampa haki yake ni nzee katika Kanisa letu, na kaburi lake halijachimbwa.

Leo XIII, yule yule aliyempandisha bawabu altareni mwezi Januari 1888, mwezi Mei wa mwaka huo aliwaandikia maaskofu wa Brazil barua ya kuulaani utumwa, siku chache kabla nchi ile haijaufuta kwa sheria. Na tarehe 15 Mei 1891 akatoa waraka wa Rerum Novarum, ambamo alifundisha kwamba kazi ya mikono si fedheha kwa mtu, kwamba Mwana wa Mungu mwenyewe alikaa katika karakana ya seremala, na kwamba kumnyima mfanya kazi ujira wake ni dhambi inayolia mbinguni. Tena aliongeza kwamba ujira hauwi wa haki kwa sababu tu mnyonge ameukubali kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, aliyoiweka Papa Pius XII mwaka 1955 kwa siku ya kwanza ya Mei, ni tawi la mti huo huo. Bawabu mtakatifu na mshahara wa haki vimetoka katika mkono mmoja wa Papa mmoja; asiyetaka cha pili hana haki ya kukipigia kengele cha kwanza.

Mabibi na mabwana, baadhi yenu mmekaa katika mabaraza ya parokia, na baadhi yenu ni wakubwa wa nyumba na mashirika. Katika nyumba hizo yuko mtu afunguaye lango usiku wa manane gari la padre lirudipo, yuko apikaye, yuko afuaye nguo za altare, yuko katekista aendaye vigangoni kwa miguu Jumapili baada ya Jumapili. Sitawaombeni muwatungie sifa, wala muwape picha ya Mtakatifu Alfonso siku ya sikukuu. Nawaomba, katika kikao chenu kijacho, daftari ya mishahara ifunguliwe mezani mbele ya wote, yasomwe majina yao kamili pamoja na kile wanacholipwa na tarehe walipolipwa mara ya mwisho. Waliocheleweshewa walipwe kabla ya paa la kanisa kupakwa rangi. Kila mmoja wao apewe mapumziko yake, na nafasi ya kuhudhuria misa akiwa muumini kama waumini wengine, ameketi, bila funguo kiunoni. Na yule asiyetaka tena kazi hiyo aachwe aende zake kwa heshima, na haki zake zote mkononi.